Mvumo Nilioudhani Ni Ugonjwa

Msomaji, kama umewahi kununua gari la mtumba bila shaka unaijua hofu ya usiku wa kwanza. Umelifikisha nyumbani, umelizima, watoto wamekwisha kulizunguka mara saba, na sasa umesimama peke yako gizani ukilisikiliza kama mzazi anayesikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Basi mimi usiku huo, katika mtaa wa Mwakingali hapa Voi, nililisikia langu likivuma. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, taa zimezimwa, injini imenyamaza, lakini chini ya boneti kulikuwa na kitu kilichoendelea kunguruma kwa sauti ndogo, mithili ya nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Mvumo ule ulidumu dakika kadhaa, kisha ukakoma wenyewe.

Sikulala vyema. Asubuhi jirani mmoja, mzee aliyewahi kumiliki Peugeot 504 na kwa sababu hiyo huheshimiwa mtaani kwa mambo yote ya magari, aliniambia kuwa kitu chochote kinachozunguka wakati gari limezimwa ni kitu kinachokula betri. "Siku ya safari ndiyo siku itakayokufa, mama," alisema. Nikaenda moja kwa moja kwa fundi mmoja kijana mwenye gereji ya mabati si mbali na barabara kuu ya Mombasa. Alifungua boneti, akaniambia niwashe na kuzima, akainamisha sikio. Akasema ni pampu ndogo ya maji, inayoendeshwa kwa umeme. Injini imezima, maji yanazunguka ya nini? Akakichomoa kichwa cha waya wake, akakizungushia utepe mweusi, nami nikalipa Sh300. Usiku ule kigari kilitulia kama maji ya mtungi, nikalala fofofo.

Huo ulikuwa mwezi wa Aprili mwaka 2021.

Sijakueleza kwa nini mwandishi wa magazeti, ambaye mshahara wake unafahamika na kila mtu, aliingia katika mambo ya magari. Mama yangu anaishi juu ya mji wa Wundanyi, na ana ugonjwa wa sukari. Kila mwezi huteremka kliniki hapa Voi. Zamani alikuwa akipanda pikipiki kutoka nyumbani hadi mjini, matatu hadi Mwatate, na nyingine hadi Voi. Lakini mwaka 2020 alipata kidonda mguuni ambacho kilikataa kupona, na daktari akamkataza kabisa kutembea mwendo mrefu na kupanda pikipiki. Mume wangu nami tukakusanya akiba, nikakopa kiasi katika chama chetu cha akina mama, tukaenda Mombasa kuchagua.

Tulitaka kitu kidogo. Magari ya injini isiyozidi sentimita 1,500 yalitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 wakati makubwa zaidi yalianzia asilimia 25, na sote tuliamini kwamba injini ndogo haina makuu. Tukakipata kigari cheupe cha mwaka 2014, kilichotumika Japan, injini ya sentimita 1,200. Sitakitaja jina, maana makosa nitakayoyasimulia hayakuwa ya walioliunda. Muuzaji alipotamka neno "turbo" mume wangu alicheka akauliza kama gari limetoka kule Eldoret, maana kwetu Wakenya Turbo ni mji ulio kwenye njia ya kwenda Webuye. Tulidhani ni neno la urembo tu, kama vile matatu zinavyoandikwa majina makubwa ubavuni.

Halikuwa urembo. Nililijua hilo siku ya kwanza nilipopanda nalo Wundanyi.

Wewe ambaye hujafika kwetu, hebu nikuchukue. Ukitoka Voi, mji wa joto ulio mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, unakwenda kilomita 25 katika nchi tambarare ya vumbi jekundu, ambako ni desturi kupunguza mwendo ndovu wanapovuka. Unafika Mwatate, penye mashamba makubwa ya mkonge. Hapo unapinda kulia na mlima unaanza. Barabara ni ya lami, lakini inajikunja kama nyoka aliyekanyagwa mkia, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, hadi unapoingia Wundanyi, juu ya mita 1,300, na kuona migomba, mboga na ukungu. Juu zaidi kuna kilele cha Vuria chenye mita 2,208. Magari mengi madogo hupanda pale yakilia. La kwangu, likiwa na watu wanne na gunia la mchele, lilipanda kana kwamba kuna mtu anayelisukuma kutoka nyuma.

Na kwa kweli yuko anayesukuma. Injini hula petroli iliyochanganywa na hewa. Ukitaka nguvu zaidi, sharti uilishe vyote viwili zaidi. Injini kubwa huvuta hewa nyingi kwa sababu ina kifua kipana, ndogo haina. Turbo ni vipanga viwili vidogo kama vya feni, kila kimoja katika nyumba yake, vilivyoungwa kwa mhimili mmoja. Kimoja huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, moshi ambao gari la kawaida huutupa bure. Kile cha pili, kwa kuwa kimefungwa kwenye mhimili huohuo, huzunguka pia na kushindilia hewa safi ndani ya injini. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, alipewa hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Wa kwanza kulichangamkia walikuwa watu wa meli na wa ndege, si wa magari madogo. Kadiri unavyopanda juu hewa huwa nyepesi, na injini hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alibeba injini ya ndege hadi kileleni Pikes Peak, jimbo la Colorado, zaidi ya mita 4,000 juu, kuthibitisha kuwa turbo inaweza kuirudishia nguvu zake. Kwa hiyo chombo changu kilikuwa na nasaba ya milimani tangu zamani.

Wazee wa Taita hawakuhitaji kuambiwa haya na Mmarekani. Safari Rally ilipokuwa ikipita katika vilima vyetu walisimama kando ya barabara na kuyasikia yale magari ya turbo yakipiga miluzi. Mkenya Ian Duncan alishinda mashindano hayo mwaka 1994 kwa Toyota Celica ya aina hiyo. Lakini marehemu baba yangu alimpenda zaidi Patrick Njiru, ambaye mwaka 1993 aliendesha Subaru Vivio, kigari cha injini ya sentimita 660 hivi, akamaliza. Hiyo haikuwa na turbo hasa. Hewa yake ilishindiliwa kwa nguvu ya mkanda wa injini badala ya moshi. Baba hakujali tofauti hiyo. Alichojali ni kwamba kidogo kilifika.

Basi nikawa na kiburi cha gari. Lakini kiburi hicho kina gharama zake, nami nilizijua moja moja, na kwa kuchelewa.

Ndani ya kifuniko cha tangi kulikuwa na kibandiko cha maandishi ya Kijapani. Nilikaa nacho mwaka mzima nikidhani ni jina la kampuni ya mafuta. Siku moja mwanafunzi mmoja aliyekuwa akijifunza lugha hiyo alinisomea: kinasema litiwe petroli ya oktani ya juu. Kule Japan petroli ya kawaida huanzia oktani 89 na ile ya juu 96. Injini inayoshindiliwa hewa hupata joto na mgandamizo mkubwa, na petroli hafifu huweza kuripuka kabla ya wakati wake, ikawa kama kuipiga pistoni kwa nyundo. Tangu hapo nililipa ziada katika kila lita, na unaweza kukisia nilivyojisikia Oktoba 2023 wakati hata petroli ya kawaida ya Super ilipopanda hadi Sh217.36 jijini Nairobi.

Kisha oili. Ule mhimili wa turbo hauzunguki kama gurudumu la baiskeli. Unaweza kuzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika, wakati injini yenyewe ikifika 6,000 imejitahidi sana. Haushikiliwi na kitu kigumu. Unaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Ndiyo maana waliolitengeneza waliandika oili nyepesi ya sintetiki, ile inayouzwa ghali. Nami Januari moja, karo za watoto zikiwa mezani, nilinunua ile nzito ya bei nafuu wanayotia watu katika magari ya zamani, nikaikalisha ndani zaidi ya kilomita 9,000. Rahisi huwa ghali, lakini mwezi wa Januari nani hukumbuka methali?

Chujio la hewa nalo, kwa vumbi letu la Tsavo, ni la kukaguliwa kila mara. Hilo angalau nilifanya.

Ila kosa kubwa lilikuwa furaha yangu mwenyewe. Nikifika kwa mama, baada ya kupanda mlima wote na kile kipande cha mwisho cha udongo ambacho hupandwa kwa gia ya kwanza, nilikuwa nikizima gari hapohapo uani na kuruka nje. Mama hunisubiri mlangoni. Nani angekaa garini? Miaka miwili na nusu nilifanya hivyo, kila mwezi, wakati mwingine kila wiki.

Septemba 2023, saa tatu usiku, ndugu yangu alipiga simu. Sukari ya mama ilikuwa imeshuka. Alikuwa akitokwa na jasho na kusema maneno yasiyoeleweka, akimwita baba, ambaye tumemzika mwaka 2012. Nilimwacha mume wangu na watoto nikaondoka. Kwa wiki kadhaa gari lilikuwa likipiga mluzi mwembamba, na oili ilikuwa ikipungua bila kuvuja, lakini nilijiambia nitalishughulikia mwisho wa mwezi. Mwatate nilipita kwa kasi ambayo sitaisema hapa. Nikaanza kupanda. Katika kona ya tatu au ya nne nguvu zilikatika, kama mtu aliyeachiliwa mkono. Nikakanyaga, gari likajikokota. Nikatazama kioo cha nyuma na sikuona barabara, niliona wingu la moshi wa buluu likiwa jekundu kwa mwanga wa taa zangu za breki.

Nilisimama kando, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu. Msomaji, sijui kama umewahi kukaa gizani mlimani ukijua mzazi wako yuko juu yako na huwezi kumfikia. Nilimpigia ndugu yangu, simu haikupokelewa. Nilipiga tena. Hatimaye pikipiki iliyokuwa ikipanda na gunia la makaa ilisimama, yule kijana akaliacha gunia lake kando ya gari langu bila hata kuulizwa, akanipeleka.

Nilipofika hospitali ya Wesu, majirani walikuwa wamekwisha kumfikisha mama kwa pikapu ya kubebea kabichi. Alikuwa ameketi kitandani, sindano ya maji ya sukari mkononi, uso umekunjamana lakini akili imerudi. Aliniuliza, "Umekuja na nini?" Nikamjibu nimekuja na pikipiki. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Si ndiyo niliyokatazwa mimi?" Tukacheka, mimi nikicheka huku nalia.

Ndugu yangu alilivuta gari kwa kamba hadi Voi. Tulisimama katika kituo cha mafuta ambapo malori ya masafa hupumzika, na dereva mmoja wa trela, mzee wa mvi aliyekuwa akinywa chai, alikuja kutazama kama wanaume wanavyokuja kutazama boneti yoyote iliyofunguliwa.

"Binti yangu," aliniuliza, "ukifika unakokwenda unazima papo hapo?"

"Sasa nikifika nifanye nini, mzee?"

Akanipandisha kwenye lori lake, akanionyesha kibandiko kilichochujuka juu ya kioo: usizime injini kabla ya kuiacha ingurume dakika chache. Lori lake la dizeli lina turbo, kama karibu malori yote unayokutana nayo katika barabara hiyo. "Na moshi wa petroli ni moto kuliko wa kwetu," alisema. Ndiye aliyenielekeza kwa fundi mmoja mzee wa malori.

Fundi yule alilala chini ya gari saa mbili. Alitoka na turbo mkononi, akautikisa mhimili kwa vidole viwili ukacheza kama jino bovu. Ndani ya tundu la oili mlikuwa na kitu cheusi kigumu, kama masizi ya sufuria ya kuni. Akanieleza. Moshi wa injini ya petroli unaweza kufika nyuzi 900 na zaidi. Ukizima ghafla baada ya mlima, oili huacha kuzunguka papo hapo maana pampu yake huendeshwa na injini, lakini chuma bado kinawaka. Oili iliyobaki pale huungua ikawa makaa, na makaa huziba njia ya oili ya kesho. "Ndiyo maana waliounda gari hili waliweka pampu ndogo ya umeme," alisema, "izungushe maji ipoze turbo wakati wewe umeshaingia nyumbani." Akamulika tochi kando ya injini. Akaushika ule utepe mweusi.

"Nani alikata hii?"

"Fundi mmoja wa hapa mjini," nikasema.

Turbo iliyotumika ilitoka Kirinyaga Road, Nairobi, ikaletwa kwa basi kwa Sh58,000. Mabomba, gasketi, oili ya haki na kazi vikala Sh17,000 nyingine. Mume wangu alisema tuliuze. Nikamuuliza nani atanunua gari linalofuka moshi, na mama atateremka na nini. Karo ya muhula wa tatu ilichelewa, na binti yetu mkubwa akarudishwa nyumbani siku mbili. Alikaa sebuleni na sare zake akisoma, hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Mimi nilikuwa na wa kumlaumu. Nilisimulia chamani, nikasimulia kanisani, nikawaambia hata waendesha pikipiki: msiende kwa yule kijana, aliniulia gari. Mji wa Voi si mkubwa.

Hapa, msomaji, lazima nikukiri jambo. Kule mwanzo nilipokusimulia habari ya gereji, lile swali la "maji yanazunguka ya nini" niliacha udhani ni la fundi. Halikuwa lake. Nililisema mimi. Miezi miwili baada ya matengenezo nilikutana naye sokoni, akanisalimu kwa adabu, akasema, "Madam, watu wanasema mimi ndiye niliyeua gari lako. Unakumbuka nilikwambia nimezoea Probox na Noah, haya ya turbo siyajui, tumuulize mtu kwanza? Ukasema, wewe nyamazisha tu."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata jinsi nilivyotazama saa nilipokuwa nikisema. Niliomba radhi pale pale kati ya mafungu ya nyanya, na Jumamosi iliyofuata nikasimama chamani nikayarudia maneno yangu yote kinyume. Mmoja wa akina mama aliniambia ameshapeleka gari lake kwingine. Kijana ameniruhusu nimpeleke kwa yule mzee wa malori ajifunze, na sasa hubadilisha oili yangu, kila kilomita 5,000, akiandika tarehe kwa chaki ndani ya boneti.

Pampu ndogo imerudishwa waya wake. Usiku mtaani hunguruma tena, na jirani wa Peugeot hunikumbusha betri. Wengine husema kwamba pampu ikiwa nzima hakuna haja ya kungoja. Mimi hungoja, kwa sababu mlima wangu huishia uani. Mara ya kwanza mama aliponiona nimekaa garini na injini inanguruma alidhani nimekuja na ugomvi, au habari ya msiba. Alitembea taratibu kwa fimbo yake hadi dirishani. Nilipomweleza, akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akaketi. Siku hizi ndivyo tunavyofanya. Huniuliza habari za watoto, naye huniambia ya mguu wake, ambao umekauka isipokuwa sehemu moja ndogo karibu na kifundo.

"Kimepoa?" huuliza baada ya muda.

Dakika mbili huwa zimekwisha zamani. Humwambia bado kidogo.